Likizo ya Madam Niliyoipanga kwa Mikono Yangu

Admin, nifichie jina kabisa, kuna watu wa kwetu Voi wanaofuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mama wa mtoto mmoja, nafanya kazi ya nyumbani Riyadh. Sasa hivi niko Jeddah kwa mama yake madam, na Alhamisi tunapanda ndege kwenda Ulaya. Mtasema nina bahati. Someni kwanza.

Kabla ya kuja huku nilisomea utalii Mombasa, nikaajiriwa kwenye ofisi ya safari, nikiwapangia wageni hoteli na ndege. Ofisi ikafungwa. Nikakaa nyumbani hadi nikachoka, nikaja huku kupitia ajenti kwa mkataba wa miaka miwili. Mwanangu nilimwachia dada yangu. Madam hakujua kama nimesoma mpaka siku niliyomkuta sebuleni analia, tableti mapajani. Alitaka likizo ya siku kumi kando ya bahari, Uhispania, Ufaransa na Italia, na baba, yaani mumewe, alikuwa amemwambia hawezi kupanga kitu kama hicho. Nikamwambia, "Madam, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu." Alinitazama kana kwamba kiti kimeongea.

Basi tukapanga. Wiki tatu nzima, kila alasiri Hanan akilala (ni binti yao wa miaka minne, mimi ndiye namlea), tulikaa kwenye zulia mimi na madam. Barcelona, treni hadi Marseille, halafu Nice, tumalizie Genoa. Yeye alitaka miji saba, nikamkatalia: "Na mtoto, madam? Mtakuwa mnafunga na kufungua masanduku tu, bahari mtaionea dirishani." Akacheka. Akaniambia kitu anachokitaka sana huko ni kutembea barabarani bila dereva kumngoja. Sitawadanganya, siku zile nilikuwa na furaha. Nilijiona mtu tena.

Mkataba wangu ulikuwa unaelekea kuisha, na madam aliniahidi tukirudi tu safarini naenda zangu Kenya. Nikawaambia nyumbani. Mwanangu akamwambia hadi mwalimu wake kwamba mama anakuja.

Kilichoniponza ni mdomo wangu. Nikijaza fomu za viza niliona ikama yangu, kile kibali cha kukaa huku, inaisha karibu sana na safari. Nikajitia mjuaji: "Madam, watanikatalia. Ikama lazima iwe na miezi mbele."

"Mafi mushkila," akasema, yaani hakuna shida. "Baba atashughulikia."

Siku mbili baadaye baba akaniletea karatasi tatu za Kiarabu jikoni. "Za viza hizi. Tia saini, yalla." Nikatia. Ila kwa mazoea ya ofisini nilizipiga picha kabla ya kumrudishia.

Viza ikatoka, tukaja Jeddah, mtaa wa Ruwais. Chini ya nyumba ya mama yake madam anaishi mama mmoja mtu mzima, nitamwita Bi Zuwena, aliyeletwa huku na wazazi wake kutoka Unguja akiwa mtoto. Alinisikia kwenye ngazi nikimwimbia Hanan kwa Kiswahili, akaniita ndani ninywe chai. Nikamwonyesha zile picha. Sikuwa na shaka yoyote, nilitaka tu kujua zinasemaje. Akavaa miwani, akazisoma moja moja.

"Mwanangu, mbili hizi kweli za safari. Hii ya tatu umekubali kuwafanyia kazi miaka miwili mingine."

"Isome tena, Bi Zuwena."

"Nishaisoma mara tatu. Saini hii si yako?"

Ni yangu.

Nilimfuata madam. Hakuniangalia usoni. "Bila hiyo usingepata viza, wewe mwenyewe ulisema. Na Hanan hawezi bila wewe. Halas, usiniharibie safari yangu." Nikamwambia basi siendi. Akajibu, "Usipokwenda utamfanyia kazi mama yangu hapa. Mkataba ni ule ule." Pasipoti yangu iko kwenye mkoba wa baba.

Dada yangu alipopata habari alilia kwenye simu: "Ukishuka huko Ulaya, potea. Mtoto wako nitamlea."

Sasa hapa ndipo ninapoona aibu. Nilirudi kwenye ule mpango nikaubadilisha. Siku ya Genoa niliwawekea madam na baba safari ya boti ya mchana kutwa, nikaandika kwamba watoto wadogo hawaruhusiwi. Nikaandika pia kwamba Italia kila mgeni anatakiwa kutembea na pasipoti yake. Hoteli niliyochagua iko dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni. Nitakuwa peke yangu, pasipoti mkononi. Mimi na Hanan.

Siwezi kumchukua mtoto wa watu. Na nikimwacha, namwachia nani? Juzi nikimsuka nywele nilijikuta nafikiria kumketisha mapokezi na biskuti zake, nimwambie narudi sasa hivi. Yeye akaniuliza mbona nimeacha kusuka.

Bi Zuwena nilimweleza yote. Akanikemea: "Ukimtupa mtoto, hata wa kukuonea huruma watakukimbia. Kataa safari, nenda ubalozi wenu Riyadh, maelezo nitakuandikia mimi kwa Kiarabu." Lakini Riyadh ni mbali, sina pasipoti, na nasikia kuna wasichana wanaokaa wakisubiri msaada miezi na miezi.

Leo asubuhi madam amekuja jikoni na mpango mzima ukiwa umechapishwa. Akaniwekea kidole pale kwenye boti ya Genoa. "Hii umeichagua vizuri sana. Hakuna mtu aliyewahi kunipangia kitu." Akanikumbatia, mara ya kwanza tangu nije nyumbani kwake, na mimi nimesimama na sahani zenye povu sijui niweke wapi mikono.

Jamani, mlio mama, na mliowahi kufanya kazi huku, niambieni kabla ya Alhamisi. Nipande hiyo ndege, au nikatae nibaki? Nishikeni mkono kwa ushauri wenu, mimi nifanye nini?