Kikaango Kilichosuguliwa kwa Majivu

Kila jioni, hata nikiwa nimechoka vipi, simwagi ovyo maji ya kusuuzia vyombo. Nayapeleka kwenye mchicha. Harufu ya majivu ninayosugulia na masizi ya vyombo hunirudisha jikoni kwetu utotoni. Mama hakutupa kitu: maganda ya viazi yaliliwa na mbuzi, na kopo la mafuta lilikuwa kata yetu ya maji.

Siku moja nilitoka shule nikamkuta mjomba, mchimba dhahabu, amechuchumaa mafigani. Alikuwa anachoma dhahabu iliyoshikana na zebaki kwenye kikaango chetu pekee. Hata sisi watoto tulijua zebaki ni sumu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Usimwambie mama yako. Nakisugua kwa majivu, kitang’aa kama kipya.”

Na kweli kiling’aa.

Jioni mama akamimina mafuta. Mdogo wangu alikaa karibu, bakuli mapajani, akisubiri samaki. Mimi niliogopa kusema mbele ya wakubwa. Samaki walipoanza kuiva, ndipo nikatamka, “Mama, mjomba kachomea zebaki humo.”

Mama akaepua.

“Dada, si nimekisugua!” mjomba akacheka. “Wewe hata ganda la kiazi hulitupi, leo utatupa kikaango?”

Mama alikitoboa kwa msumari, tundu baada ya tundu, kisha akakifukia mbali na kisima, pamoja na samaki waliokuwamo.

“Mtu akikifukua, asiwapikie watoto wake,” alisema.

Tulikula ugali kwa chumvi. Mama alinimegea mimi kwanza.