Paji la Uso Ubavuni mwa Ng'ombe

Mwezi uliopita nililala kwenye kitanda chembamba cha mashine ya kupiga picha za kifua, katika kituo kimoja cha afya kule Milimani, Nakuru, nikashindwa na kazi ambayo hata mtoto mchanga huifanya bila kufundishwa. Pumzi zangu zilikuwa fupi na za haraka. Kila mashine iliponiambia nivute hewa na kuishikilia, kifua kilitetemeka kikaiachia kabla ya wakati. Eksirei ya awali, niliyopigwa kwa sababu ya kikohozi kisichoisha, ilikuwa imeonyesha doa kwenye pafu la kushoto. Daktari hakuzunguka: doa lile lingeweza kuwa jambo dogo, lingeweza pia kuwa saratani, na mashine hii ndiyo ingetuambia. Kwa hiyo, rafiki yangu, unaelewa kwa nini sikuwa na utulivu.

Binti aliyekuwa akiendesha mashine alitoka nyuma ya kioo chake.

"Mzee, umetingisika. Picha imekuwa na ukungu. Tulia kidogo, turudie."

"Mimi nimetulia. Ni mwili haunisikii."

"Basi ongea nao," akasema, akitabasamu. "Ukiwa tayari utaniambia."

Niliketi ukingoni mwa kile kitanda, miguu ikining'inia bila kufika sakafuni. Nadhani ni hiyo miguu iliyonirudisha utotoni, Keringet.

Nililelewa huko na nyanya yangu, mama wa mama yangu, katika nyumba ya mbao iliyoezekwa mabati, juu ambako asubuhi za baridi kali nyasi huamka zikiwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Kabla sijaanza shule nilishikwa na kichomi, ule ugonjwa ambao siku hizi kila mtu anauita nimonia. Naukumbuka kama mtu aliyekalia kifua changu akakataa kuondoka. Nilipopata nafuu, nyanya hakutaka nishinde kwenye moshi wa jikoni, akaanza kwenda nami zizini asubuhi. Alinivalisha sweta mbili na gambuti zilizonizidi, akaniketisha kwenye kigoda kando ya ng'ombe wetu mwekundu, akaniambia niegemeze paji la uso ubavuni mwake.

Kulikuwa na joto pale ambalo sijalipata mahali pengine popote. Kulikuwa na harufu ya nyasi zilizotafunwa na ya maziwa mabichi, na ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa kikisubiri maziwa ya kugandisha. Sikio langu lilisikia tumbo la ng'ombe likinguruma ndani, kama mawe yanayoviringishwa polepole na mto. Ubavu ulipanda, ukashuka.

"Pumua naye," nyanya akasema. "Akivuta, useme 'Baba.' Akiachia, useme 'niko hapa.' Usiseme kwa mdomo. Sema kwa pumzi."

Hayo ndiyo yalikuwa maombi yake ya asubuhi. Hakuanza kukamua kabla pumzi yake haijaenda pamoja na ya ng'ombe, na hakuacha kuomba alipoanza kukamua. Maziwa yaligonga ndoo kwa sauti kali mwanzoni, kisha ndoo ilipojaa sauti ikawa nzito na laini. Mimi nilikuwa upande wa pili, paji la uso ubavuni, nikijifunza kupumua upya. Ng'ombe huvuta pumzi taratibu kuliko mtoto. Ilibidi nimfuate, na kifua changu kilichozoea kuhema kikajifunza kushuka hadi chini kabisa.

Jirani yetu, mama aliyelima viazi ng'ambo ya ua, alikuwa akipita na debe lake la maji na hakuweza kunyamaza.

"Mama, bado unasali na ng'ombe? Jumapili si umlete kanisani!"

"Akija hatalala kwenye mahubiri kama wewe," nyanya akamjibu bila kuinua kichwa, na yule mama akacheka mpaka maji yakamwagika.

Nilipopata nguvu niliruhusiwa kukamua. Siku ya kwanza niliyakimbiza yale maneno, Baba-niko-hapa, Baba-niko-hapa, nikidhani ndiyo yanayoyatoa maziwa. Ng'ombe alipiga teke ndoo, akaniangusha matopeni na kuyazuia maziwa yote. Baadaye sana, katika vitabu nilivyojisomea mwenyewe baada ya kuacha shule, niliona kwamba ng'ombe akiwa na hofu huzuia maziwa yasishuke. Katika vingine nilisoma kwamba Wakristo wa kale, watawa wa jangwani, walifunga maneno machache ya maombi kwenye pumzi zao. Nyanya hakuwa amesikia habari za watawa. Alininyanyua tu kutoka kwenye matope na kuniuliza, "Sasa ulikuwa unakimbilia wapi? Mungu yuko hapa. Ng'ombe pia yuko hapa."

Kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kuomba, mwalimu wa shule ya Jumapili aliponiita niombe mbele ya wenzangu nilitazama huku na huku, nikaenda nikaegemeza paji la uso kwenye ukuta wa mabati na kunyamaza. Watoto waliangua kicheko. "Mwalimu, anatafuta ng'ombe!" mmoja akasema. Mwalimu akasubiri. Ukuta ulikuwa baridi na haukupumua, lakini baada ya kitambo nilisikia pumzi yangu mwenyewe ikipanda na kushuka. Nilipogeuka nikasema Amina, na mwalimu akaitikia kana kwamba amesikia kila neno.

Hayo yote yalinijia pale Milimani. Nilishuka kitandani, nikaegemeza paji la uso kwenye ubavu mweupe wa ile mashine.

"Mzee, uko sawa?" Binti alikuwa amerudi. "Mbona umelalia mashine?"

"Naomba kidogo."

"Omba tu. Na mimi usinisahau, foleni ya leo ni ndefu."

Mashine ilinguruma kwa chini, sauti moja isiyobadilika. Baba. Niko hapa. Sikuomba doa liondoke. Nilitaka kuomba hivyo, lakini pumzi haikuwa na nafasi ya maneno zaidi. Nilipolala tena na kuambiwa nivute hewa, iliingia hadi chini na kukaa. Nilipoambiwa niiachie, ilitoka polepole.

"Hapo sasa!" binti akasema kutoka nyuma ya kioo. "Picha safi kabisa."

Siku chache baadaye daktari aliigeuza skrini nione. "Hili ni kovu," akasema. "La zamani sana. Uliwahi kuugua kifua ukiwa mtoto?"

Nilitaka kumjibu, lakini ilibidi kwanza nipumue. Niliachia hewa ambayo nadhani nilikuwa nimeishikilia tangu ile eksirei ya kwanza.

Zizi la nyanya halipo tena. Shamba liligawanywa, na pale aliposimama ng'ombe mwekundu pana nyumba ya mawe ya binamu yangu, ambaye hununua maziwa dukani kwa mashine ya kubonyeza kitufe. Kibuyu kilipasuka sijui lini. Nyanya amelala nyuma ya kanisa la mabati, ambalo sasa ni la matofali. Nilikuwa nikidhani kwamba vyote vya asubuhi zile vimekwisha, vimebaki kwenye kumbukumbu zangu tu. Lakini kwenye ile skrini, katika pafu la kushoto, palikuwa na alama ndogo nyeupe kama sakitu, mahali pale pale ambapo nyanya alinifundisha kupumua.

"Ndiyo, daktari," nikasema. "Niliugua. Nikapona."