Diski Iliyomkata Marehemu Kauli

Mama wa watu alisusa chakula kwa sababu ya diski niliyoichoma mimi, kwa mikono yangu hii.

Kazi yangu ni kuhamisha video za simu kwenda kwenye diski.

Asubuhi moja akaingia dada mmoja, fundi cherehani, kafiwa na mume juzijuzi. Kule hospitalini marehemu alijirekodi kwa simu ya mkewe, video ya kumwachia mama yake. Dada hakuwa na moyo wa kuitazama. Mama mkwe, ambaye anakaa naye tangu mazishi, simu haiwezi. Anajua deki ya kuchezea diski tu, ndiyo maana dada akataka diski.

Nina programu mbili za kubadilisha video. Ya kulipia ilikuwa imebanwa na video ya harusi, kompyuta inahema. Ya bure imekaa tu. Nikasema moyoni, kazi yenyewe kiduchu, ya nini kujitesa?

Ikamaliza chapchap. Nikaonja mwanzo: picha safi, sauti safi. Nikampa.

Kesho yake akarudi macho yamevimba. Mama mkwe kajifungia chumbani, hali, hasemi. Kwenye diski marehemu anasema, "Mama, uliniumiza ulipomkataa mke wangu." Basi. Kioo kinakuwa cheusi.

"Kaka, au simu yangu ndiyo mbovu?"

Nikajibu, huenda.

Alipotoka nikaifungua ile programu. Maandishi yapo wazi kabisa: toleo la bure hubadilisha nusu ya video tu.

Nikacheza video yote, ile ya simu iliyobaki kwenye kompyuta. Baada ya yale maneno marehemu anavuta pumzi, anasema, "Lakini nimeshakusamehe, mama. Mchukue awe mwanao."



Nikachoma nyingine kwa ya kulipia, nikaitazama mpaka mwisho, nikafunga duka, nikaipeleka mwenyewe.

Nikawakuta wamekaa kitanda kimoja, mama kamlalia mkwewe begani. Nikakiri yote, hadi uongo wa simu. Dada hakuniangalia.

Tukaiweka diski mpya kwenye deki. Mama akalia weee, kisha akanigeukia.

"Huyu binti aliporudi kutoka kwako, nilimpigia magoti kumwomba msamaha. Ningeanza kuona hii, nisingemwomba chochote. Ningesema yameisha."

Nikaanza kutabasamu.

"Usitabasamu, mwanangu. Wewe hukukusudia jema. Ulikuwa na haraka zako."

Jamani, programu ya bure haina kosa. Iliniambia mapema, sikusoma. Ukikabidhiwa maneno ya mtu asiyeweza kuyarudia, yasikilize mpaka la mwisho ndipo uyafikishe.