Ukuta Uliomjenga Fundi

Mwalimu wa Kiingereza wa darasa la watu wazima alikuwa akifuta ubao kwa kiwiko, hata mkono mmoja wa koti lake ukageuka mweupe. Kila neno jipya alilitamka mara tatu, macho kayafumba, kama anayeonja mchuzi. Siku hiyo lilikuwa "edifying".

"Ni kitu kinachomjenga mtu tabia, kama mawaidha," alisema. "Tungeni sentensi."

Fundi mwashi, aliyemwogopa mwalimu huyo kuliko kupanda jukwaa la ghorofa ya tano, alisimama akasoma yake: ukuta wake ni "edifying". Darasa likaangua kicheko. Kalamu nyekundu ikainuliwa.

"Hapana, fundi. Ukuta hujengwa, haumjengi mtu."

"Huu umenijenga, mwalimu. Nimeubomoa mara tatu kwa kupinda. Mara mbili za kwanza nililaumu timazi, ile kamba ya kupimia wima. Ya tatu nikakiri mbele ya mwenye nyumba kwamba kosa ni langu."

Mwalimu alifungua kamusi, akasoma midomo ikimchezacheza, akaifunga taratibu.

"Sahihi," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha akavuta daftari lake mwenyewe. "Hebu irudie sentensi yako polepole, niinukuu."