Hela ya Mjerumani na Senene Wenye Miguu

Shule mimi niliiona kwa nje tu, nikipita na mkungu wa ndizi kichwani. Lakini hela nazijua kwa vidole. Mume wangu alikuwa akisema siku nikifa niwekewe senti mbovu mkononi, nitaamka kuirudisha.

Mwaka ule nilikuwa nauza senene, wale panzi wa kuliwa, sokoni Bukoba. Walishuka wengi mpaka jua likakosa pa kupita, na kuku walishiba wakasahau kutaga. Niliporudi Kashozi, nilikoolewa, nikamwaga senti zangu kwenye ungo, na moja ikalia vibaya. Ilikuwa na tundu katikati kama wenzake, ukubwa uleule, nyeusi kwa moshi na jasho. Nikaisugua kwa majivu na limau, ikatoka nyeupe. Senti ya Mwingereza ni nyekundu, na ina pembe za ndovu kuzunguka tundu. Hii ilikuwa na taji upande mmoja, majani upande wa pili. Nikaanza kucheka kwamba nimepunjwa, mpaka nilipoigeuza ukingoni. Ilikuwa imekatwa alama tatu kwa tupa.

Baba yangu, Tata tunavyosema kwetu, alichukuliwa kubeba mizigo kwenye vita vya Mjerumani na Mwingereza, mimi bado nanyonya. Mama alinisimulia kwamba aliondoka na hela moja ya Mjerumani shingoni, kwenye uzi wa mgomba, ameikata alama tatu. Hakurudi, wala habari zake hazikurudi. Baba zangu wadogo walitaka tumlilie tumalize, mrithi akabidhiwe kibanja, shamba lake la migomba. Mama akakataa, akasema haliliwi mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa.

Kwetu mke akikamata senene humfungia mumewe fungu la kwanza, na mume humpa nguo mpya. Mama alimfungia Tata kila msimu, kwenye jani la mgomba. Mabawa aliyatoa, miguu aliiacha, maana Tata alipenda kuwatafuna na miguu yao. Mafungu aliyatundika juu ya mlango. Upepo ukipita yalinong'ona kama watu wanaokusema, na mimi mtoto nilikuwa naingia ndani mbio nimeziba masikio.

Sasa hela ile ninayo mkononi. Nikaipeleka kwa mzee aliyekuwa akichambua sadaka kanisani. Hela ya Mjerumani ilipokataliwa madukani, watu wetu waliipeleka kwa Mungu, wakidhani huko tangazo bado halijafika. Mzee alikuwa na kopo zima. Akaitazama yangu, akasema ni ya Mjerumani, haina shaka, ya miaka ileile ya karibu na vita. Nikamwuliza kuhusu alama. Akamwaga kopo mezani. Zilikuwamo zenye alama mbili, zenye nne, na zenye tatu. Za tatu nilihesabu mpaka saba nikaacha.

"Wapagazi, mama," akasema. "Kila mmoja alikata alama yake asiibiwe na mwenzake. Alama tatu ni za yeyote mwenye tupa na uvivu wa kukata ya nne."

Nikashika njia ya Muleba kwa mama, nyayo zikaisha mpaka nikawa natembelea magoti. Njia nzima nilipanga maneno: nitamwonyesha hela, halafu nitamweleza habari za kopo, ajue si lazima iwe ya Tata.

Nilimkuta anamenya ndizi. Akaweka kisu chini, akaichukua hela, akapitisha ukucha kwenye zile alama, moja, mbili, tatu. Akauliza ni nani aliyenipa. Nikamwambia ni mwanaume, sura sikuiona, soko lilijaa, niliona mkono tu juu ya kapu. Juu ya mlango majani yakaanza kunong'ona.

"Hakusema kitu?"

Habari za kopo zilikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Aliomba wenye miguu."

Mpaka leo sijui. Siku nyingine naisikia sauti ya yule mtu, nzito, karibu na sikio. Siku nyingine nausikia mdomo wangu peke yake, huu ambao tangu utotoni haujui kusimulia jambo bila kuliongeza.

Mama hakulia wala hakucheka. "Basi yuko Bukoba," akasema, akaendelea kumenya.

Baba wadogo walipokuja tena na maneno ya msiba, aliwafukuza. Tangu hapo kila msimu alikuja sokoni, akaketi kando ya kapu langu na fungu moja mapajani, akitazama mikono ya watu. Nyuso hakuziangalia, kwa sababu mimi nilimwambia niliona mkono. Mtu akitaka kununua lile fungu alijibiwa, "Hawa wana mwenyewe." Akazeekea pale. Habari za kopo sikumwambia hata alipokuwa kitandani mara ya mwisho, hela imebanwa kiganjani. Tulimzika nayo, na siku hiyohiyo baba wadogo wakamlilia na Tata.

Msimu uliofuata nilikuwa nimeinama juu ya kapu langu. Mkono ukaja, na sauti ikauliza kama ninao wenye miguu. Hapa siongezi. Nilimpa fungu zima, sikudai kitu, na sikuinua macho.