Mwanangu Ameagiza Mwanya Wangu Uzibwe Bila Kuniuliza

Admin, niwie radhi kwa kimya changu. Ulipotoa kisa changu cha kuanguka na bodaboda pale Buzuruga, wengi waliuliza ninaendeleaje, nami sikuwajibu. Nilikuwa nimejifungia ndani. Jina langu ulifiche kama awali.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na minne, mwalimu mstaafu, mkazi wa Buswelu. Ajali ile iliniondolea meno mawili ya mbele, ya juu. Binti yangu mkubwa, aliye Dar es Salaam, alinigharamia matibabu katika kliniki moja hapa Mwanza. Daktari alinipandikizia skrubu mbili kwenye taya, nikasubiri mfupa uzishike. Zilipokaza, kijana wa maabara ya meno akanipitishia kamera ndogo kinywani, na kinywa changu chote kikatokea kwenye kompyuta. Humo ndimo anamosanifu meno kabla mashine haijayachonga.

Nilizaliwa na mwanya. Mama yangu alikuwa nao, na bibi aliyemzaa alikuwa nao. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba aliuona mwanya kwanza, kisha akaniona mimi.

Wiki iliyopita niliitwa kutazama. Kijana akaligeuzageuza taya langu kwenye kioo cha kompyuta: meno mawili mapana, meupe, yamebanana hata uzi usipite.

"Hayo ni meno ya nani?" nikamwuliza.

"Ni yako, mama."

"Yangu yana mwanya. Uko wapi?"

Akainamisha kichwa. "Programu huyapanga yakiwa yamegusana. Nilitaka kuuacha, nikamtumia picha dada wa Dar, anayelipa. Akasema niuzibe, mmeshakubaliana."

Hatukukubaliana. Nikampigia binti yangu papo hapo.

"Mama, jamani! Posa ya mdogo wangu imekaribia, watu watapiga picha. Nimelipa ili upendeze."

"Umelipia meno. Sura hukuinunua."

Nikasikia analia. "Chuoni waliniita Mlango Wazi, mama. Nikauziba mwanya wangu, nikadhani yamekwisha. Leo wewe ukiuzibua kwa makusudi, ni kama unaniambia nilikosea."

Sikumwambia hivyo, wala sitamwambia. Lakini pia sikukubali. Nilimgeukia kijana nikasema, "Ufungue mwanya." Akaomba picha yangu ya zamani nikiwa ninacheka, akailinganisha na taya pale kwenye kioo, akauvuta mwanya ukarudi mahali pake. Akanitengenezea meno ya muda ya plastiki. Nimeyavaa ninapoandika.

Sasa binti yangu ameapa kwamba meno ya kudumu yakichongwa hivyo, hatakuja kwenye posa ya mdogo wake. Kijana anasubiri neno langu, maana kauri ikishachongwa haibadilishwi.

Anayetaka kuniandikia kwamba haya ni meno tu, apite. Kinywa ni changu, na uzee haujanifanya mtu wa kuamuliwa sura. Ila yule ni mwanangu, na kilio chake nimekisikia. Nishaurini, nifanye nini nibaki na mwanya wangu bila kumfanya auonee aibu uamuzi wake?

Nikishampa kijana jibu, nitawaandikia na picha nitatuma, nikiwa ninacheka. Admin, macho uyafiche. Mdomo uuache.