Kaaha na Damu Iliyokataa Kuganda

Kaaha hakuwahi kununua maziwa kwa neno la mtu. Sokoni Garissa, madumu kutoka Bura yalipoteremshwa, wachuuzi wengine walipima tu wakalipa. Yeye alifungua kila dumu, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, kisha akaliinamisha taratibu akitazama maziwa yanavyotembea ukingoni. Yakivutana, yameanza kuganda. Yakikimbia mno, yametiwa maji. Dumu moja baya huharibu pipa zima, na kwa Kaaha watu nao walikuwa hivyo hivyo.

Ndiyo maana hospitali ilimpa taabu. Uvimbe wa shingoni ulianza kama tende, sasa ulikuwa kama kitunguu kikubwa, na alikuwa halali ila ameketi, pumzi ikipiga mluzi. Daktari alisema lazima ukatwe. Lakini kwanza damu ipimwe jinsi inavyoganda, na nyingine iwekwe tayari, maana shingo ina mishipa mingi.

"Wanaitoa, halafu wanasema wataniongezea," alimwambia binti yake Hamdi kwenye benchi la maabara. "Si waiache tu ilipo?"

"Hooyo, mama yangu, wametoa kijiko kimoja."

"Mimi nauza maziwa. Najua vijiko vinavyojaza ndoo."

Bishar, mpimaji wa maabara, kijana wa hapo hapo mjini, alitoka na majibu, akamwita kwa heshima kama shangazi yake.

"Eedo, damu yako inachelewa sana kuganda. Ukikatwa hivi, itatoka na tutashindwa kuizuia. Hata tukikuongezea, itatoka vile vile. Unatumia dawa yoyote?"

"Hakuna."

"Hata za maumivu? Hata za miti?"

"Nimesema hakuna."

Kwa hesabu yake hakudanganya. Dawa ni kile unachopewa wewe na daktari. Vile vidonge vya rangi ya waridi ndani ya kopo la hiliki, mkobani mwake, vilikuwa urithi. Kaka yake mgonjwa wa moyo alipofariki kule Ifo, mjane wake Ramlo aliwagawia ndugu vitu vyake: kikoi, fimbo, saa. Kaaha akapewa vidonge. "Marehemu pumzi ikimbana alimeza hivi," Ramlo alimwambia, "na wewe pumzi inakubana." Tangu hapo alimeza kimoja kila jioni, na viwili shingo ikimkaba. Angewaambia hawa, wangemnyang'anya.

Bishar alipogeuka, Kaaha alimvuta Hamdi karibu akamnong'oneza. "Nipe viatu vyangu. Wamechanganya damu yangu na ya mtu. Au huyu ana kliniki ya rafiki yake anataka kunipeleka."

"Ukirudi nyumbani, hooyo, utalala umeketi mpaka lini? Mpaka uvimbe ukuzibe kabisa?"

Kaaha akavaa viatu.

Bishar aliviona. Hakukasirika. "Eedo, mashine huiamini. Macho yako je?"

"Macho yangu nayajua."

Akaleta mirija miwili mitupu ya kioo. Mmoja akatia damu ya Kaaha, wa pili ya Hamdi, ambaye alikuwa mzima. Kaaha akachomoa uzi kwenye shali yake akaufunga kwenye mrija wake.

"Usije ukanibadilishia."

"Funga mara mbili, eedo."

Mirija ikasimamishwa mezani, ikaachwa kwa muda wa kumaliza birika la chai. Chai yenyewe ililetwa, ya Kaaha ikapoa. Hakuondoa macho.

Kisha Bishar akainua mrija wa Hamdi akauinamisha. Damu ilikaa pale pale, imeshikana kama mtindi. Akachukua ule wa uzi, akauinamisha kidogo tu. Damu ikakimbia ukingoni.

Kaaha aliujua mkono ule. Ulikuwa wake mwenyewe, sokoni, kila asubuhi. Akauomba mrija, akauinamisha yeye. Ikakimbia tena.

"Kama imetiwa maji," alisema polepole.

"Imetiwa kitu. Lakini si sisi tulioitia."

Akakumbuka fizi zinazotoka damu akipiga mswaki. Akakumbuka mabaka meusi mkononi, pale dumu linapoegemea, ambayo aliyaita jicho baya la Lul, jirani yake wa sokoni, hata akaacha kumsalimia. Akaingiza mkono mkobani akatoa kopo.

"Hooyo," Hamdi alisema. "Hivyo si vya mjomba?"

"Ni urithi."

Bishar alikitazama kidonge kimoja kiganjani. "Hivi vilizuia damu ya marehemu isigande moyoni. Na alikuwa akipimwa kila mara ili apewe kiasi chake. Wewe umepimiwa na nani?"

"Na Ramlo," alisema Kaaha.

Upasuaji ukaahirishwa. Kopo likabaki hospitali, Kaaha akapewa dawa ya kurudisha damu katika hali yake. Ndugu wakaitwa kuchangia damu, naye akawachambua wote. "Salah asitoe, anakesha na miraa. Na huyo wa Kutulo, mbona ana haraka?"

"Hooyo, watu si madumu. Na kila damu inapimwa."

"Inamwagwa ndani yangu. Ni dumu."

Lul alikuja bila kuitwa, naye akitaka kuchangia damu. Kaaha alimtazama juu mpaka chini. "Umetumwa na nani?"

"Na wateja wako. Wananisumbua, kila mmoja anataka kuonja kwanza kama ulivyowazoesha."

Miaka yote hiyo Kaaha hakuwahi kukuta maji katika maziwa ya Lul. "Mpimeni," alimwambia Bishar.

Siku ya kupimwa upya mashine ilisema damu iko sawa. Kaaha akataka mrija. Akafunga uzi wake, akangoja, akauinamisha. Damu ilikaa. Akauinamisha zaidi, karibu kuulaza. Ilikaa.

"Haya," alisema, akavua viatu, kisha bangili, akamvisha Hamdi. "Zikae mkononi mwako. Si kwenye kabati lao."